Alama ya Chaki Niliyoichora Mlangoni Kwangu

Mshauri mpendwa,

Nimeshika kalamu kukuomba msaada, ingawa kwa umri wangu ilipaswa mimi ndiye niombwe, na tafadhali usinicheke, au ukishindwa kujizuia basi ucheke kwanza umalize ndipo unijibu, maana jambo lenyewe lina mtu ndani yake, na mtu huyo huenda akapoteza kazi Alhamisi ijayo kwa kosa ambalo si lake bali ni langu.

Nina miaka sabini na mitatu, nimestaafu kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji, na ninaishi peke yangu katika chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, katika nyumba ya wapangaji kumi na mmoja inayozunguka ua wa saruji wenye bomba moja na kamba nyingi za nguo. Sikuzaliwa katika mji huu wala katika nchi hii. Nilifika miaka thelathini na moja iliyopita nikiwa na furushi moja na kamusi moja, na tangu hapo nimekuwa nikikusanya vitabu, vingine vya kununua, vingine vya kupewa, vingine vilivyotupwa na kiwanda kwa sababu kurasa zilifungwa juu chini, mpaka vimejaza kabati tatu zinazogusa dari na vilivyokosa nafasi vimehamia chini ya kitanda, na majirani wananiita Mzee Kabati, jina ambalo mwanzoni nililikataa na sasa nikiitwa vinginevyo sigeuki.

Mwezi uliopita homa ya dengue iliingia mtaani kwetu, nyumba ya pili kutoka kwetu walilala watu wanne kwa wiki moja, na ofisi ya afya ikapitisha gari la kipaza sauti kutangaza kwamba kila chumba kitapigwa dawa ya mbu ukutani, na kwamba siku hiyo kila mpangaji atoe vitu vyake nje, kitanda, godoro, vyombo, kila kitu, chumba kibaki kuta tupu. Aliyeletwa kwetu ni binti mwembamba mwenye pampu mgongoni, miwani mikubwa na barakoa, na watu walikuwa wameshampachika jina la Bi Pampu kabla hajafika katikati ya ua. Alieleza mambo kwa utaratibu, muda wa kukaa nje, namna ya kufunika chakula, na jirani mmoja alipomuuliza kama dawa hiyo inaweza kumtoa mume kitandani asubuhi, alijibu bila kucheka kwamba amepewa ya ukutani tu, ya waume bado haijaletwa. Akasema kila chumba akikimaliza atachora mduara wa chaki ya bluu mlangoni, ndani yake tarehe na herufi ya kwanza ya jina lake, ili mwenzake asirudie.

Sasa, mimi nina kamusi elezo nene yenye kurasa nne kamili juu ya dawa za wadudu, jinsi zinavyobaki udongoni miaka na miaka, jinsi zinavyopunguza ndege, na siku mbili kabla ya dawa nilikuwa nimemsomea kurasa hizo jirani yangu wa chini, dada fundi cherehani, ambaye huweka mashine yake uani mbele ya mlango wake na ambaye kwa miaka tisa amekuwa kama binti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, kisha akauliza, "Babu, hicho kitabu ni cha mwaka gani?" Nikasema nimesikia maji yanachemka juu.

Lakini kwa kuwa nimekuja kuungama, niseme kwamba dawa haikuwa sababu, dawa ilikuwa kisingizio. Asubuhi ile nilitoka kwenye baraza la juu nikatazama chini, nikaona ua mzima umejaa vitu vya watu, magodoro yamesimamishwa ukutani, masufuria ndani ya beseni, saa ya ukutani imelazwa juu ya mto, mtoto amekalia sanduku, na mimi mara ya mwisho kuona nyumba nzima imemwagwa nje namna hiyo ilikuwa siku tuliyoondoka kwetu, na miguu yangu, ambayo haijui kusoma tarehe, ikaamini kwamba ni siku ileile. Nikarudi ndani, nikafunga, nikakaa kitandani nimekumbatia kamusi kama mtu anayesubiri gari.

Bi Pampu akagonga mara tatu. Akasema, "Babu, upo? Kama hujawa tayari niambie tu, mchana tutarudi." Mimi, niliyekuwa umbali wa hatua mbili, nikazuia pumzi. Akangoja kidogo, akaenda. Nikangoja mpaka alipohamia nyumba ya jirani, nikashuka kwa dada fundi kuazima chaki yake ya bluu ya kuchorea vitambaa, nikidai nataka kupimia rafu, naye akanipa huku akinitazama muda mrefu kidogo kuliko chaki inavyostahili, na nikapanda, nikauangalia mlango wa jirani yangu, nikauchora wangu vivyo hivyo, mduara, tarehe na herufi ya yule binti. Mchana mwenzake alirudi peke yake kumalizia milango iliyobaki mtaani, akaona alama, akapita. Nilijisikia mjanja kwa siku tisa.

Siku ya kumi dada fundi hakutandika mashine yake. Alilala siku nane, homa, mifupa inauma mpaka analia akigeuzwa, macho yanauma hata akiangalia mwanga wa mlangoni, na ua ule ambao nimezoea kusikia cherehani yake tangu asubuhi ukanyamaza, na mimi nikawa nashuka na maji na uji na gazeti, namsomea, naye ananishukuru, na kila shukrani ilikuwa inanichoma. Sasa ameinuka, amekonda, ameanza kushona tena nusu siku. Lakini kwa kuwa aliugua katika nyumba iliyohesabiwa kuwa imemalizwa, msimamizi wa wapiga dawa alikuja kukagua, akakuta fomu ya Bi Pampu inasema vyumba kumi na milango yenye alama yake ni kumi na mmoja, na akasema mbele yetu wote kwamba huyu binti anachora chaki badala ya kufanya kazi, na watu wanaugua. Binti akasema, "Kumi nimepiga kwa mkono wangu. Wa kumi na moja niligonga, sikuitikiwa." Hakusema mlango upi. Mimi nilikuwa pale juu barazani na kitabu mkononi, nikageuza ukurasa.

Amenyang'anywa pampu na ameitwa ofisini Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi kuamuliwa.

Mshauri, tafadhali usinidhanie kuwa mchafu. Chumba changu ni safi kuliko vyote, sina mbu wa kutaja isipokuwa hao wachache wa mchana, na hata kabati zangu kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji, kama baba yangu alivyofanya kwetu kuzuia mchwa na sisimizi, maji safi kabisa ambayo nayaongeza kila Jumatatu bila kukosa, na vile viumbe vidogo vinavyojipinda ndani yake kama alama za mkato sijawahi kuvisumbua wala vyenyewe kunisumbua.

Kinachonitisha ni hiki. Kwa miaka thelathini na moja sijawahi kuitwa ofisi yoyote ila ile ya kuhuisha kibali changu cha kuishi, na hapo huingia nimenyoa, nimenyamaza, nikatoka. Mgeni akikosa, hakosi yeye peke yake, anakosea wenzake wote waliokuja kwa njia ileile. Nimefikiria kumwandikia msimamizi barua isiyo na jina, nimefikiria kungoja kwa kuwa binti ni kijana na kazi atapata nyingine, nimefikiria pia kuufuta mduara na kitambaa kibichi na kukana kwamba uliwahi kuwepo. Dada fundi akinijua nilivyo sijui kama atanisogezea tena kiti. Nifanye nini? Barua hii nimeileta mwenyewe kwa mkono ofisini kwenu ili isichelewe.

Ni mimi,
Mwenye Chaki

*

Mzee wangu Mwenye Chaki,

Nimecheka kama ulivyoruhusu, na nimemaliza. Sasa vuta kiti usikilize, maana ukurasa huu wa gazeti unatoka Jumatano na huna muda wa kusoma mara mbili.

Kabla sijafika kwa binti wa watu, tuanze na makopo. Umeniandikia kurasa tano kuhusu chaki na mistari minne kuhusu makopo, na mimi naona uliyapanga kinyume. Nilimpigia simu bwana afya mmoja ninayemfahamu, sikumtajia mtaa wala rangi ya nyumba, nikamsomea kwanza hiyo mistari minne. Akauliza, "Mangapi?" Nikapiga hesabu, kabati tatu, miguu minne kila moja, nikamwambia kumi na mawili. Akasema huyo mzee hana maktaba, ana shamba.

Baba, mbu wa homa hiyo hataki mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia kivulini, ndani ya kitu kidogo, karibu na watu, naye huuma mchana kweupe, kama hao wachache wako usiotaka kuwataja. Hizo alama zako za mkato huota mabawa. Umefanya kazi ya kusahihisha maisha yako yote na kosa limekuwa likikuchezea miguuni kila Jumatatu, nawe unaliongezea maji. Kuongeza si kumwaga. Sikuambii kwamba mbu aliyemuuma dada fundi alishuka kutoka kwako, hilo hakuna anayeweza kulisema, hata bwana afya hakulisema. Lakini hakuna pia anayeweza kusema hakushuka, na najua wewe ndiye utakayeishi na swali hilo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, simama. Mwaga makopo yote kwenye saruji inayopigwa jua, kisha uyasugue ndani kwa brashi na sabuni, kwa sababu mayai yao hushikilia ukingoni na hungoja hata kopo likiwa kavu. Halafu yatupe, usiyahifadhi kwa kumbukumbu ya marehemu baba. Sisimizi utawazuia kwa kupaka grisi kwenye miguu ya kabati. Baba yako alikuwa na mchwa wa kupigana nao, wewe umefuga vita vingine.

Kuhusu dawa yenyewe, sitakucheka kwa kuogopa. Mtu akija na pampu mgongoni kupulizia mahali unapolala, una haki ya kumuuliza jina la dawa, muda wa kukaa nje, na kama ni salama kwa paka wa jirani, na yeye ana wajibu wa kujibu. Bi Pampu alijibu yote, hata ya mume. Kitabu chako hakikusema uongo, ila kilizungumzia dawa ya zamani zake, na nakisia kilichapwa kabla mama wa huyo binti hajaolewa. Swali la dada fundi lilikuwa swali zuri sana. Ulipaswa kulijibu badala ya kukimbilia maji.

Sasa chaki. Kuna watu hawapendi dawa, hufunga mlango na kusema hapana, na ofisi huandika kwamba wamekataa, basi, hubembelezwa tena wiki inayofuata. Wewe ungeweza kusema hapana. Ungeweza kusema "Bado." Neno moja, kupitia mlango uliofungwa, kwa mtu aliyekuita babu na kukupa nafasi ya kulisema. Badala yake ulichukua herufi ya jina lake ukaiweka chini ya kazi ambayo hakuifanya. Wewe, baba, ambaye kazini kwako ungemfukuza mtu aliyetia saini ya mwingine kwenye ukurasa. Na aliposhtakiwa mbele yako, alijua mlango ni upi na hakuunyooshea kidole. Ukageuza ukurasa. Ulikuwa umesoma hata neno moja la ukurasa huo?

Mawazo yako matatu nayakataa yote. Barua isiyo na jina itamfanya msimamizi aamini kwamba binti kaiandika mwenyewe, au shangazi yake. Kufuta alama baada ya msimamizi kuihesabu ni kumzidishia mashaka. Na hilo la kwamba ni kijana atapata kazi nyingine, soma ulivyoliandika, kisha ulikate kwa kalamu nyekundu. Atapata kazi nyingine akiwa nani? Akiwa yule aliyechora chaki watu wakaugua.

Unasema wewe ni mgeni. Miaka thelathini na moja, kabati tatu, jina la utani, na kiti chako mbele ya mashine ya jirani. Mgeni gani huyo asiyeaga? Naelewa hofu ya kibali, sikuidharau, na kwa sababu hiyo nilimuuliza bwana afya. Alisema utakemewa, tena kwa sauti kubwa, na huenda ukaandikishwa maelezo. Sitakudanganya kwamba utatoka na chai. Lakini makosa yako ni ya mpangaji mkaidi, na wapangaji wakaidi wamezaliwa hapahapa kwa maelfu. Wenzako waliokuja kwa njia yako hawataaibishwa na mzee aliyekwenda mwenyewe kusema kweli. Binti akifukuzwa kwa ajili yako na siku moja ikajulikana, hapo ndipo utakuwa umewapa watu la kusema.

Na lile la asubuhi ile, vitu vya watu uani, hapo sitanii. Nililisoma nikaiweka barua pembeni kwa muda. Hukuwa mvivu wala mbishi, uliogopa, na uliogopa kitu kilichokutokea kweli. Ila hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyejua, kwa sababu hujawahi kumwambia. Umewasomea majirani kamusi elezo nzima na hukuwahi kuwasomea habari yako mwenyewe. Bi Pampu alipogonga aligonga kwa mzee anayependa vitabu. Angejua, angekaa kizingitini kwanza.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumatano hiihii, kabla giza halijaingia, shuka kwa dada fundi. Mrudishie chaki yake, maana hukuniambia kama uliirudisha, na mtu anayekula kwa chaki anajua nani kaazima, lini, na kwamba mzee wa kupimia rafu hana rafu mpya. Nadhani amekungoja useme tangu alipoweza kukaa kitako. Mwambie makopo, mwambie mlango, kisha mwambie na ile siku ya kwenu. Kama ataondoa kiti, ataondoa, hiyo ni haki ya mtu aliyelia akigeuzwa kitandani. Lakini hutakiondoa wewe kwa niaba yake.

Alhamisi fika saa moja na nusu, kabla ya binti. Ofisi ya afya haiwezi kuwa mbali kuliko kwetu, na kwetu umefika mwenyewe. Ukiitwa ndani sema hivi: "Mlango wa kumi na moja ni wangu, nilikuwemo ndani alipogonga, na alama nilichora mimi." Kisha nyamaza. Najua itakuwia vigumu, watu wenye vitabu vingi hupenda kutanguliza dibaji. Usieleze habari za ndege. Usieleze habari za baba yako. Wakikuuliza, jibu walichouliza. Usiondoke mpaka usikie kwa masikio yako binti akiambiwa arudi kazini, na wakisita, omba wakuandikie maelezo utie saini. Saini yako, safari hii.

Binti akitoka, msalimie, umwombe radhi kwa maneno machache, kisha umwombe jambo la pili, kwamba chumba chako akipige yeye mwenyewe. Mwambie vitabu ni vingi na mikono yako haitoshi. Dada fundi asibebe kitu, bado hana nguvu. Wapangaji wengine tisa ulioishi nao miaka yote hiyo wana mikono, na ninakuhakikishia watakutania kwa kila kabati itakayoshuka ngazi, waache wakutanie. Wewe simama mlangoni useme kipi kinatangulia. Binti akimaliza, atachora mduara wake. Shuka nawe uani, ukae juu ya furushi lako la vitabu, uulizie saa kila baada ya dakika tano kama mpangaji yeyote anayesubiri ukuta wake ukauke.